Tahadhari Iliyofichwa Ndani ya Programu

Kila mwaka hutokea mwanafunzi mmoja anayeniuliza, kwa adabu lakini kwa mshangao usiofichika, mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Nyasa alifuata nini kwenye barafu ya bahari. Nimezoea kujibu kwa mzaha kwamba nilifuata mshahara. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini linaacha mengi nje. Na kwa kuwa siku hizi ofisi zetu za umma zimo katika harakati za kuitupa mifumo ya zamani ya kompyuta na kusimika mipya, naona umefika wakati wa kulijibu swali hilo kwa urefu.

Baada ya kuhitimu uzamivu wa takwimu nilipata mkataba wa miaka miwili na nusu katika mji mmoja wa kaskazini mwa Norwei, kwenye taasisi ambayo sitaitaja. Tulikuwa watu watatu. Kazi yetu ilikuwa kubuni programu ya kurithi kiti cha programu kongwe iliyokuwa ikitabiri, tangu majira ya kuchipua, hali ya barafu ya bahari itakavyokuwa kiangazi na mwanzoni mwa vuli. Nasema kubuni kwa makusudi. Kuandika msimbo kulikuwa sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ilikuwa kuamua programu hiyo itasema nini, kwa nani, na kwa uhakika wa kiasi gani.

Barafu ya bahari, kwa msomaji ambaye hajapata kuishughulikia, ni maji ya bahari yenyewe yaliyoganda yakaelea. Si kama theluji ya Kilimanjaro iliyokaa juu ya mwamba. Husukumwa na upepo na mikondo, hutanda kuanzia vuli hadi kufikia upeo wake mwezi Machi, kisha huyeyuka na kujikunja hadi Septemba. Tangu mwishoni mwa mwaka 1978 setilaiti zimekuwa zikiipima karibu bila kukoma. Setilaiti hizo hazitegemei mwanga wa jua. Hupima mionzi ya mikrowevu itokayo kwenye uso wa bahari, na kwa kuwa barafu na maji hutoa mionzi hiyo kwa viwango tofauti, inawezekana kuvipambanua hata katika giza la miezi ya baridi, hata mawingu yakitanda. Bahari hugawanywa katika miraba yenye upande wa kilomita 25, na mraba wenye barafu asilimia 15 au zaidi huhesabiwa kuwa umefunikwa. Kwa hesabu hiyo, wastani wa kiwango cha chini kabisa cha Septemba katika Aktiki kati ya mwaka 1981 na 2010 ulikuwa takriban kilomita za mraba milioni 6.2. Mwaka 2012 kiwango hicho kilishuka hadi takriban milioni 3.4. Tofauti hiyo ni karibu Tanzania tatu.

Nani anataka kujua mapema? Manahodha na kampuni za bima, bila shaka. Mwaka 1975, matishari yaliyokuwa yakipeleka mizigo kwenye visima vya mafuta vya Prudhoe Bay, Alaska, yalizuiwa na barafu iliyokataa kuondoka pwani kiangazi kile, na haikuwa ajabu kwamba mwaka uliofuata njia ya kitakwimu ya kutabiri barafu ya pwani hiyo ilichapishwa. Lakini wapo pia wawindaji wa Kiyupiki na Kiinupiaki wa Mlango wa Bering, ambao tangu mwaka 2010 huandaliwa taarifa maalumu ya barafu kila majira ya kuchipua, kwa ajili ya uwindaji wa walrasi, mnyama mkubwa wa baharini mwenye pembe za mdomoni. Nahodha akidanganywa na utabiri hupoteza siku na fedha. Mwindaji mwenye mashua ndogo anaweza asirudi nyumbani. Naomba msomaji aikumbuke tofauti hiyo, maana ndiyo iliyotugombanisha baadaye.

Ziko njia mbili kuu za kutabiri. Ya kwanza ni kuiga maumbile: kuiandika bahari, anga na barafu kwa kanuni za fizikia, kisha kuiachia kompyuta kubwa izungushe mahesabu siku hadi siku. Ya pili ni ya kitakwimu, nayo ni ya kizamani zaidi kwa tabia: hutazama miaka iliyopita na kuuliza, wakati bahari ilipokuwa hivi mwezi Mei, Septemba yake ilikuwaje? Ni njia ya bei nafuu. Kompyuta ya mezani huimaliza kazi hiyo mtu akinywa kahawa. Ugonjwa wake ni uchache wa mifano. Tulipoanza mwaka 2014 tulikuwa na Septemba 36 tu zilizopimwa na setilaiti. Mtu akichukua Septemba 36 na kuzipanga dhidi ya vigezo 10 (joto la bahari, unene wa barafu, upepo na kadhalika) atapata mlinganyo unaozieleza zote kwa ufasaha mkubwa, na usiojua lolote kuhusu ya 37.

Ugonjwa wa pili ni mbaya zaidi. Takwimu huamini kwamba kesho ni ndugu wa jana. Lakini barafu nene ya miaka mingi, iliyokuwa uti wa mgongo wa Aktiki, imepungua mno, na barafu changa iliyobaki haina tabia ya wazee wake. Tangu mwaka 2008 watafiti wa mataifa mbalimbali wamekuwa wakikusanya utabiri wao wa Septemba mahali pamoja kila kiangazi, nao mwaka 2012 kwa ujumla walitabiri barafu nyingi kuliko iliyopatikana; mwaka 2013 wakatabiri chache kuliko iliyopatikana, maana barafu ilirudi ikapita milioni 5. Uchambuzi wa utabiri huo ulionyesha jambo la kufedhehesha kidogo: wataalamu hupatia pale mwaka unapofuata mwelekeo wa kawaida, na hukosea pale mwaka unapofanya jeuri. Yaani hupatia pale ambapo hata mtu mwenye rula angepatia. Kusini nako, barafu inayoizunguka Antaktika iliongezeka taratibu hadi mwaka 2014, na mwaka 2016 ikaporomoka. Programu iliyofundishwa kwa miaka ile ya ongezeko ingeendelea kuahidi ongezeko.

Sasa nije kwenye programu kongwe yenyewe. Ilikuwa maelfu ya mistari ya Fortran, na aliyeiandika alikuwa bado ofisini, miaka michache kabla ya kustaafu. Kule hata profesa huitwa kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo ulimi wangu uliligomea. Nikawa namwita Mzee. Akauliza maana yake, nikamweleza, akaridhika, na baada ya muda ofisi nzima ikamwita hivyo.

Wakubwa walitaka tuiache programu yake kando tuanze upya. Sisi tuliomba kwanza tuisome. Tulifungua daftari tukaliita daftari la sababu, na kwa kila mstari uliokuwa na namba isiyojieleza tulimuuliza Mzee: namba hii imetoka wapi? Kazi hiyo ilichukua miezi minne, na hadi leo naihesabu kuwa ndiyo elimu bora niliyopata baada ya shule. Mstari mmoja uliruka kipindi cha kuanzia Desemba 1987 hadi katikati ya Januari 1988: sababu, chombo cha setilaiti kilikuwa kimya, hakuna vipimo. Mwingine ulizigawa data za miaka ya mwanzo kwa namna ya pekee: sababu, chombo kilichorushwa mwaka 1978 kilipima siku moja na kupumzika siku ya pili. Mwingine ulijaza duara pale Nchani penyewe, mahali ambapo njia za setilaiti hazifiki. Mwingine ulishuku vipimo vya Julai, kwa kuwa madimbwi ya maji yaliyoyeyuka juu ya barafu huidanganya setilaiti ikadhani ni bahari tupu. Yote haya yangetupwa kama tungeanza upya, na tungeyagundua tena mmoja mmoja, kwa hasara ya wengine.

Iko mistari ambayo Mzee mwenyewe hakuwa na la kusema isipokuwa kwamba aliikuta ikifanya kazi. Hiyo tuliiandika chini ya kichwa cha "mazoea", na mingi tuliiondoa bila majuto.

Kisha tukafika kwenye mstari mmoja uliozidisha. Kwa eneo fulani karibu na pwani, programu ilipomaliza kukokotoa uwezekano wa kuwapo barafu, iliuongeza kidogo kabla ya kuchapisha. Hakukuwa na fizikia iliyoueleza, wala hitilafu ya chombo. Mzee alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema kwamba zamani, mwaka ambao hakuutaja, utabiri wake ulionyesha eneo lile litakuwa wazi, na kuna watu walioamini. Tangu hapo aliona afadhali programu itishe watu bure mara kumi kuliko kuwahadaa mara moja.

Hapo ndipo tulipogombana, kwa wiki kadhaa. Mwenzetu mmoja, mwanafizikia mwenye maneno makali, alisema huo ni uongo: programu imeambiwa itoe uwezekano, yenyewe inatoa huruma. Na kweli, kampuni za meli zilizokuwa zikilalamika kwamba utabiri wa eneo lile "huogopa mno" zilikuwa na haki. Kwa miaka mingi zililipia tahadhari ambayo hawakuijua wala kuichagua. Mimi nilivutwa pande zote mbili. Nilikulia mahali ambapo wavuvi hulisoma anga wenyewe alfajiri, na mzee wa pwani akiona dalili za upepo wa mwera husema msiende, hata kama moyoni anadhani uwezekano ni mdogo. Hatuwezi kumwita mwongo. Lakini mzee wa pwani yupo ufukweni, anaonekana, anaweza kuulizwa na kubishiwa. Mstari wa Fortran haubishiwi na asiyejua kwamba upo.

Tulichoamua ni hiki. Utabiri utatolewa mtupu, bila kuongezwa wala kupunguzwa, na pembeni yake patakuwa na kipimo cha tahadhari ambacho kila mtumiaji atakichagua mwenyewe: mwenye meli ya kuvunja barafu achague chake, mwenye mashua achague chake, na taarifa iseme wazi ni kiwango gani kimetumika. Nilikuwa nikiutetea uamuzi huo kwa hoja za demokrasia, na bado nautetea. Ila Mzee alitoa pingamizi ambalo sijapata kulijibu vizuri. Alisema: mwenye meli ana mwanasheria na mtaalamu wa kumchagulia, mwenye mashua atachukua kile atakachokikuta kwenye ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo suala halikwishi mpaka mtu aamue ukurasa wa kwanza uoneshe nini, na mtu huyo, alisema akinitazama, utakuwa wewe. Tukaweka kiwango cha mwenye mashua kwenye ukurasa wa kwanza. Mwanafizikia wetu aliandika barua ya kupinga, nasi tukaibandika kwenye daftari la sababu pamoja na mengine.

Ugomvi wa pili ulitoka juu. Uongozi ulitaka programu mpya itoe tarehe moja: njia fulani ya meli itafunguka siku fulani. Wateja, tuliambiwa, hawanunui "huenda". Sisi tulitaka kila utabiri utoke na mambo mawili yasiyoweza kufutwa: upana wa mashaka yake, na safu moja ya utabiri wa kijinga. Utabiri wa kijinga ni ule wa mtu mwenye rula: chora mstari wa mwelekeo wa miaka iliyopita, urefushe hadi mwaka huu, basi. Programu yoyote ya kisasa isiyoweza kuushinda huo kwa miaka kadhaa mfululizo haistahili jina wala bajeti. Na hasa kwa utabiri unaotolewa kabla ya Mei, kipindi ambacho uwezo wa kuijua Septemba hudhoofika sana, safu hiyo ingewaumbua wengi, sisi tukiwamo.

Hapa niwaseme kidogo wanafunzi wa takwimu. Tulipoipima programu kwa kuificha Septemba moja na kumwomba mlinganyo auotee, matokeo yalipendeza mno. Yalipendeza kwa sababu mwelekeo wenyewe ulikuwa umekokotolewa kwa miaka yote, pamoja na ile iliyokuja baadaye. Ni sawa na mtahiniwa aliyeuona mtihani jana yake. Kipimo cha haki ni kuirudisha programu nyuma, kuinyima kila kitu ambacho kisingejulikana siku ile, kisha kuiuliza. Alama zikashuka. Tulizichapisha zilivyoshuka, na katika kikao mtu mmoja wa uongozi aliuliza kama kuna ulazima wa "kujivua nguo hadharani".

Mwishowe yalipatikana maafikiano ya kiofisi. Mashaka yalibaki, rula ilibaki, lakini vyote vilihamishiwa ukurasa wa pili. Programu kongwe na mpya zilipangiwa kwenda sambamba kwa misimu miwili kabla ya ile kongwe kuzimwa. Mkataba wangu ulikwisha katikati ya msimu wa kwanza, nikarudi nyumbani.

Tangu wakati huo mambo yamekimbia. Mwaka 2021, British Antarctic Survey na Alan Turing Institute za Uingereza zilitoa IceNet, mfumo wa akili mnemba uliofundishwa kwanza kwa maelfu ya miaka ya mahesabu ya modeli za tabianchi, kisha kwa vipimo vya setilaiti, na unaotabiri hadi miezi 6 mbele. Wengi hudhani mtu wa umri wangu na mkondo wangu lazima ataupinga. Siupingi. Unatoa uwezekano badala ya tarehe, ulipambanishwa na mbinu nyepesi za kitakwimu pamoja na modeli ya kifizikia, na msimbo wake uliwekwa hadharani. Akili mnemba iliyo wazi naipenda kuliko mlinganyo mwepesi uliofungiwa kabatini. Shaka yangu ni kuhusu lile daftari: ndani ya mamilioni ya namba za mfumo kama huo, mtu atauuliza mstari gani umetoka wapi?

Na hata programu iliyo wazi hula data za mtu. Mwezi Juni 2025 ilitangazwa nchini Marekani kwamba vipimo vya mikrowevu kutoka setilaiti za Wizara ya Ulinzi, ambavyo ni mhimili wa kumbukumbu ya barafu tangu mwaka 1987, vingeacha kutolewa kwa wanasayansi ndani ya siku chache. Muda ukasogezwa hadi mwisho wa Julai, kisha ikatangazwa kwamba vitaendelea kwa sasa. Watafiti walikimbilia chombo cha Kijapani cha AMSR2, kilichoko angani tangu mwaka 2012, ambacho ni kizuri, lakini kuunga kumbukumbu ya chombo kimoja na ya kingine kunahitaji miaka ya kuvilinganisha. Ofisi moja iliandika tangazo, na kumbukumbu ya zaidi ya miongo 4 ikaning'inia kwenye uzi.

Msomaji atauliza haya yanatuhusu nini sisi tusio na barafu isipokuwa ya kwenye soda. Mbinu ni zile zile. Utabiri wa mvua za msimu katika Afrika Mashariki umejengwa kwa miaka mingi juu ya takwimu za aina hiyo hiyo, joto la bahari likiwekwa upande huu na mvua upande ule. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi zetu wamekuwa wakikutana kabla ya msimu, na kwa muda mrefu ramani ya pamoja ilipatikana kwa mashauriano ya mezani. Tathmini zilionyesha kwamba ramani hizo zilielemea mno kwenye "wastani", mahali ambapo mtabiri hawezi kulaumiwa sana. Hiyo nayo ni tahadhari iliyofichwa. Tofauti na ya Mzee, hii ilimlinda mtabiri. Mwaka 2019 kituo cha ICPAC kilianza kutumia utaratibu unaoweza kurudiwa na kukaguliwa na mtu mwingine, nami nauona kuwa moja ya mageuzi makubwa ya kiutawala ya ukanda huu, ingawa hayakupata kichwa cha habari hata kimoja nilichokiona.

Mwaka jana nilialikwa kwenye kamati ya taasisi moja ya umma iliyotaka kununua mfumo wa kutabiri mavuno. Mzabuni alionyesha ramani yenye rangi za kuvutia. Nikauliza mambo matatu: mfumo umepimwa kwa miaka ambayo haukuiona? Umeshinda rula? Na tahadhari iliyomo ndani ameiweka nani? Swali la kwanza alilijibu kwa asilimia ambayo hakuieleza. La pili hakulielewa. La tatu, alisema, ni siri ya kibiashara.

Afisa mmoja kijana, aliyekuwa akiandika kumbukumbu, aliinua mkono. "Samahani Ndugu Mwenyekiti," alisema, "Dokta ameuliza ya kitaalamu. Mimi nauliza ya ofisini. Mfumo ukikosea, sisi wa wilayani tutamwambia nini mkulima?"

Mwenyekiti alishukuru kwa mchango huo, akaomba tuendelee na ajenda iliyofuata, ambayo ilikuwa posho ya ziara ya mafunzo. Nimependekeza kwa maandishi kwamba utaratibu wa zamani uendelee sambamba na mpya kwa misimu miwili, alama za yote mawili zikitangazwa, na mzabuni alazimishwe kukabidhi sababu ya kila namba. Waraka huo wa kurasa mbili uko kwenye jalada, na yule afisa kijana ameniambia kwa simu kwamba jalada lenyewe lipo kwa mwanasheria.